Shangazi, nitoe gari kwa msaada nipate nafuu ya kodi?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa tisa. Mimi na mume wangu ni watu wa Morogoro, tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 11, mwingine 7. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mume yuko ghalani, anapakia mizigo. Sote wawili tunaingiza kama dola 78,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Hatuna nyumba, tumepanga.

Tuna magari mawili, na la pili ndilo linaloninyima usingizi. Ni Toyota Sienna ya 2008, imetembea maili 214,000. Limetulea hilo gari. Mdogo wetu tulimtoa nalo hospitali, na safari zote za kambi ya kanisa tumekwenda nalo. Sasa gia zinateleza likianza kupanda mlima. Ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi imekula chuma cha chini, ukiinua zulia kwenye kiti cha nyuma unaiona lami. Mlango wa kusukuma wa kulia haukazi, tumeufunga kwa kipande cha khanga kuukuu. Fundi ametaja dola 2,800, na hiyo ni gia tu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, dada mmoja alinivuta pembeni akaniambia: "Toa hilo gari kwa shirika la msaada kabla ya tarehe 31 Desemba, serikali inakurudishia dola 3,000." Anasema mtu anayemjazia ritani za kodi alimfanyia hivyo mwaka jana. Nikaomba namba, nikampigia. Akaniambia, "Wewe niletee karatasi ya kuonyesha wamelichukua, 3,000 nitaiandika mimi, hakuna anayeuliza." Malipo yake ni asilimia ya marejesho utakayopata.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema tuliuze kama lilivyo, yaishe. Na shemeji yangu, Morogoro, naye kaingia. Ni mzee wa kanisa, wana kituo cha yatima, anasema tulipakie kwenye kontena tuwapelekee, maana "mkiwapa Wamarekani mtakuwa mmewanyima wenu." Nikawaza labda hilo ndilo jibu: tupeleke nyumbani, na huku tupate nafuu ya kodi, kwa sababu ni msaada vilevile.

Sisi si watu wa kukwepa kutoa. Kila mwezi tunaweka dola 200 kwenye bahasha kanisani. Lakini dola 3,000 kwetu ni kodi ya nyumba ya karibu miezi miwili. Zimebaki wiki mbili mwaka uishe. Nifanye nini?

Mwenye Sienna, Columbus


Marahaba mwanangu,

Nianze na lililo chungu ili tulimalize: hizo dola 3,000 hazipo. Hata 300 hazipo. Kwa hali uliyonieleza, ukilitoa gari hilo leo au tarehe 31 Desemba saa tano usiku, kodi yenu haitapungua hata senti.

Neno linalowachanganya watu ni hilo "inakurudishia". Serikali hairudishi thamani ya gari. Inachofanya ni kuitoa thamani hiyo kwenye kipato chako kabla ya kukipigia hesabu ya kodi. Kwa kipato chenu, sehemu ya juu kabisa inatozwa asilimia 12. Basi hata kama gari lingekubalika kuwa la dola 3,000, ambacho mngeokoa ni asilimia 12 yake tu, yaani dola 360. Huyo dada kakutajia bei ya ng'ombe mzima wakati kinachogawiwa ni ulimi.

Na ulimi wenyewe kwenu haufiki. Kila mke na mume wanaojaza ritani pamoja kwa mwaka huu wa 2025 wanapunguziwa dola 31,500 za kipato bila kuulizwa risiti yoyote. Ni haki yenu, mmeipata kila mwaka, na bila shaka ndiyo mliyotumia siku zote. Anayetaka gari lake lihesabiwe lazima aikatae hiyo, kisha aorodheshe matumizi yake moja moja: riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na za jiji, sadaka, gharama kubwa za matibabu. Haya, tuorodheshe yenu. Nyumba mmepanga, riba sifuri. Kodi ya Ohio pamoja na ile asilimia 2.5 ya jiji la Columbus, kwa kipato hicho, hazifiki 4,000. Sadaka 2,400. Tutie na gari kwa hiyo 3,000 ya ndoto. Jumla haifiki 10,000. Nani anaacha 31,500 mkononi akakimbilia 10,000?

Ndiyo maana nasema mambo haya ya gari la Desemba ni ya watu wenye mkopo mkubwa wa nyumba na kipato cha juu. Matangazo ya redioni hayasemi hivyo. Yanasema "pata nafuu ya kodi" kwa sauti ya furaha, kila aliye na gari bovu uani akajiona ndiye anayeitwa.

Sasa hiyo 3,000 ilitoka wapi? Ilitoka enzi za zamani. Zamani mtoaji alikuwa anaangalia kitabu cha bei za magari, anachagua bei ya gari zima lenye afya, anaandika. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa kwa namna hiyo. Kwenye theluthi mbili ya magari hayo, shirika la msaada liliambulia asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji aliidai kwenye ritani yake. Kuna gari moja la mizigo la mwaka 1983 ambalo sijalisahau. Mwenyewe aliandika dola 2,400. Mnadani likauzwa 375. Gharama za matangazo na za dalali zilipokatwa, shirika likabakiwa na dola 31 na senti 50. Soma tena: thelathini na moja na nusu.

Bunge likabadili sheria mwaka uliofuata, ikaanza kazi 2005, na ndiyo iliyopo mpaka leo. Ukitaka kudai zaidi ya dola 500, na shirika likaliuza gari bila kulitumia kwanza kwenye kazi zake wala kulikarabati kwa maana, unachoruhusiwa kudai ni ile bei liliyouzwa. Bei ya mnada, yenye gia zinazoteleza na sakafu yenye tundu. Likiuzwa 500 au chini, unaweza kuandika thamani yake halisi ya sokoni, ila isizidi 500. Bei ya kitabu inabaki kwa magari ambayo shirika limeyatumia lenyewe kwa kiasi kikubwa, limeyatengeneza hasa, au limempa mtu mhitaji bure au kwa bei ya kutupa. Sienna yako haiendi kwenye kundi hilo, tuseme ukweli.

Baada ya kuliuza, shirika lina siku 30 za kukuletea fomu inayoitwa 1098-C. Humo mna namba ya chesisi, tarehe ya mnada na bei. Nakala moja yako, nyingine inakwenda IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Umeona sasa? Yule bwana aliyekuambia "hakuna anayeuliza" anataka uandike 3,000 kwa watu ambao tayari wameshikilia karatasi iliyoandikwa, mathalani, 700. Na ile karatasi ya dereva wa gari la kuvuta anayoitaka umletee si risiti ya kodi. Inathibitisha tu kwamba gari limeondoka uani.

Huyo bwana muache. Simjui, na sina haja ya kumjua. Anayechukua asilimia ya marejesho ana kila sababu ya kuyavimbisha, na IRS yenyewe huwaonya watu wasimfuate mtu wa aina hiyo. Mwangalie na jambo la pili: mtayarishaji anayelipwa anatakiwa kusaini ritani na kuandika namba yake ya PTIN, ile ambayo IRS humpa kila mtayarishaji wa ritani. Wengi wa hawa wa "hakuna anayeuliza" hukuachia usaini peke yako, yeye hayumo. Ikija barua baada ya miaka miwili, ina jina lako na la mumeo. IRS kwa kawaida ina miaka mitatu ya kurudi nyuma, kwa hiyo dada wa kanisani asishangilie mapema. Simwiti mwongo. Inawezekana ana nyumba yenye mkopo na hesabu zake ni nyingine kabisa, au aliandikiwa tu na bado hajafikiwa. Na kama ninyi mna mpango wa kuomba uraia, ile fomu ina maswali ya kodi. Msiingie mle mkiwa na kitu cha kueleza.

Tuje kwa shemeji. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Nafuu ya kodi ya Marekani inatolewa kwa shirika lililoundwa Marekani na kutambuliwa na IRS. Kituo cha yatima cha Morogoro, kiwe kizuri namna gani, hakimo. Kwa hiyo lile wazo la kupeleka nyumbani na huku ukapata nafuu halipo. Halafu gari lenyewe. Usukani uko kushoto, na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Kila akitaka kulipita lori pale barabara ya Dodoma, dereva atalazimika kumuuliza abiria kama njia ni nyeupe. TRA nao wana ushuru wa ziada kwa gari chakavu, na la 2008 ni chakavu bila ubishi. Kenya ndiyo kabisa: la usukani wa kushoto halisajiliwi, na lenye zaidi ya miaka 8 haliingii. Shemeji angekuwa wa Bukavu au Bujumbura, ambako wanaendesha kulia, ningesema tupige hesabu ya kontena. Halafu ningekumbuka gia, ningeacha.

Mwambie shemeji hivi: tunaliuza, na sehemu ya pesa tunawatumia watoto. Pesa hiyo nayo haitawapa nafuu ya kodi, lakini tumeshaona kwamba hakuna mliyokuwa mnaipata, kwa hiyo hakuna mnachopoteza. Nadhani hata yeye mzee, akifikiria bandari na ushuru, atachagua mchele na ada za shule.

Mumeo, basi, ana haki. Liuzeni kama lilivyo. Yapigieni simu maeneo matatu yanayonunua magari mabovu na chuma chakavu, waambieni mwaka, maili na ubovu wote, waulizeni bei na kama wanakuja kulivuta bure. Bei hutofautiana sana baina yao, usikubali ya kwanza. Pia kuna mafundi wa mtaani wanaonunua Sienna za namna hii kwa ajili ya vipuri. Injini ikiwa bado nzima, mmoja wao anaweza kumzidi mtu wa chuma chakavu. Fundi aliyekupa bei ya gia muulize yeye kwanza, huenda analitaka. Chochote watakachokupa, hata dola 400, ni 400 za kushika, ukizilinganisha na sifuri ya kodi.

Najua kuna wazo lingine litakujia, maana huenda unasali na watu waliofika kutoka kambi za wakimbizi bila gari: nimpe familia ngeni. Kama lingekuwa gari la kutembea ningekushangilia. Kodi haikuzuii kumpa umtakaye, kwa kuwa nafuu yenyewe huna. Lakini sakafu yenye tundu na mlango wa kufunga kwa khanga hutawapakiza watoto wa mwenzio. Utakuwa umewapa bili ya dola 2,800 na hofu barabarani.

Na kama mmechoka, hamtaki simu wala kubishana bei, mnataka tu liondoke uani kabla theluji haijashuka? Hiyo ni sababu halali ya kulitoa kwa shirika, wala usione haya. Goodwill wanapokea magari, Habitat for Humanity wanapokea, redio nyingi za umma zinapokea, na huja kulivuta bila malipo. Ila hakikisha kwanza kwenye ukurasa wa IRS wa kutafuta mashirika ya msaada kwamba jina ulilopewa limo, maana mengine hujipa majina yanayofanana na ya mashirika yanayojulikana. Halafu uliza swali moja kwenye simu: nani hasa analiuza gari, ninyi au dalali, na dalali analipwaje? Ukisikia kigugumizi, piga kwingine. Na ukilitoa, litoe Desemba, Januari au Machi, kwako ni mamoja. Tarehe 31 haikuhusu. Lala.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako ambacho umekipitia kwa mstari mmoja, mimi nikakisoma mara mbili. Ile bahasha ya dola 200. Kuanzia mwaka 2026 sheria mpya inawaruhusu hata wasioorodhesha matumizi kupunguziwa kwa sadaka za pesa: dola 1,000 kwa mtu mmoja, 2,000 kwa mke na mume wanaojaza pamoja. Ni juu ya lile punguzo la kawaida, halilipunguzi. Pesa tu: taslimu, hundi, kadi. Gari, nguo na makochi hayamo. Ninyi mnatoa 2,400 kwa mwaka, kwa hiyo mnafika kwenye kikomo bila kuongeza kitu. Asilimia 12 ya 2,000 ni dola 240, na mtaziona mkijaza ritani mapema 2027. Gari lisingewapa hizo.

Ila noti tupu ndani ya bahasha isiyo na jina haihesabiki. IRS inataka kumbukumbu ya benki au maandishi ya kanisa yenye jina la kanisa, tarehe na kiasi. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Januari muone mhazini, mwombe namba ya bahasha au mtoe kwa hundi, na mwambie mwisho wa mwaka mtahitaji taarifa ya maandishi. Makanisa mengi hutoa hiyo taarifa ukiomba. Mwambie na yule dada.

La mwisho, kwa kuwa mko Ohio. Kadi ya gari, taito kama tunavyoiita huku, usiisaini mezani jikoni kumrahisishia mnunuzi. Ohio saini ya muuzaji inatakiwa iwe mbele ya notari, yaani afisa anayethibitisha saini, na ukishaharibu taito utapanga foleni ofisi ya karani wa mahakama wa kaunti kuomba nyingine. Jina la mnunuzi au la shirika liandikwe kabla hujasaini. Ukipaacha wazi, gari linaweza kupita mikono mitatu huku karatasi zikisema bado ni lako. Vibao vya namba ving'oe, ni vyako, havitoki na gari. Pekua chini ya viti na kwenye kile kisanduku cha mbele, watu huacha mle kadi za bima na barua zenye namba za hifadhi ya jamii. Bima usiikate mpaka gari limeondoka na taito imesainiwa. Na kabla gari la kuvuta halijafika, ifungue hiyo khanga mlangoni, uikunje.

Shangazi